Nakaribia kuhitimu uandishi wa habari: nisake ajira au nianzishe chombo changu?

KalamuMpya

Wakuu, heshima kwenu. Naingia moja kwa moja kwenye mada.

Niko mwaka wa mwisho, nasomea uandishi wa habari. Kila mgeni tunayeletewa darasani huanza kwa kutupongeza kwa kuchagua taaluma muhimu, kisha tukimfuata nje kumwuliza nafasi za kazi anaangalia saa. Darasani kwetu aliyekwisha kupata ahadi ya ajira ni mmoja tu, naye anakwenda kuendesha kurasa za mitandao za kampuni ya bima.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili tumekaa tukaamua: tunasubiri nini? Tufungue chombo chetu mtandaoni. Siasa, michezo, burudani, afya, na video fupi kila siku. Tuna simu mbili zenye kamera nzuri, kipaza sauti na kompyuta moja. Kuhusu mapato, tukifikisha wafuasi laki moja matangazo yatakuja yenyewe.

Naomba ushauri wa waliotangulia. Tuanze sasa tukiwa bado na moto, au kwanza tukaajiriwe? Kukosolewa nakupokea, ila mtu atoe na sababu.

Kisirani

"Matangazo yatakuja yenyewe." Nimesoma mara tatu nikidhani macho yangu yana tatizo.

Mchuuzi

Dogo, mimi si mwandishi wa habari. Nimeuza vitu maisha yangu yote, vingine vikanunuliwa, vingine vikanifia mikononi. Nakuuliza ninachomwuliza kila anayekuja kwangu kutaka mtaji: mteja wako ni nani? Sijauliza msomaji. Nimeuliza mteja, yule anayeingiza mkono mfukoni.

Umesema wafuasi laki moja. Wale ni wa jukwaa, wewe umeazimwa. Mwenye jukwaa akibadilisha kanuni za nani aonyeshwe nini, unaamka asubuhi video zilizokuwa zikitazamwa na elfu ishirini zinatazamwa na mia tatu, na huna mlango wa kwenda kugonga. Kuna vyombo vikubwa viliwahi kupunguza waandishi wakaajiri watu wa video, kwa sababu takwimu zilionyesha watu wanatazama video mno. Mwaka 2016 Facebook wenyewe wakakiri kwamba kipimo chao cha wastani wa muda wa kutazama kilikuwa kikitoa takwimu zilizozidishwa, kwa kipindi cha karibu miaka miwili. Kukiri hakumrudishi kazini aliyekwisha kupunguzwa.

Halafu siasa, michezo, burudani na afya, kwa vijana watatu na simu mbili? Mtu akitaka matokeo ya mechi anayapata sehemu hamsini, bure, na kabla yenu. Nijibu hili tu: mkifunga kesho asubuhi, nani atawatafuta?

MzeeWaDawati

Mchuuzi kapiga penyewe. Niongeze historia kidogo, mnivumilie, nimestaafu na muda ninao.

Vijana wengi mnadhani zamani habari ilijilipia, intaneti ikaja kuharibu. Habari haijawahi kujilipia. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha The Sun pale New York akaliuza senti moja, wakati magazeti mengine yaliuzwa senti sita. Senti ile haikuwa biashara. Biashara ilikuwa kuwakusanya wasomaji wengi kisha kuwauza kwa wenye matangazo. (Na uongo ulikuwemo tangu hapo. Mwaka 1835 gazeti hilohilo lilichapisha mfululizo kuhusu viumbe wenye mabawa waliodaiwa kuonekana mwezini, na likanunuliwa kweli. Anayesema habari za uongo zimeletwa na simu za mkononi simwelewi.)

Mtindo huo tuliurithi hadi kwenye vyumba vyetu vya habari. Matangazo madogo ya nyumba, kazi na magari yaliyotumika ndiyo yaliyomlipa ripota wa mahakamani. Mwaka 1995 Craig Newmark akaanza kutuma orodha ya matukio kwa barua pepe kwa rafiki zake pale San Francisco. Ikakua ikawa Craigslist, matangazo madogo yakahamia huko, mengi bila malipo. Ripota wa mahakamani akabaki na kalamu bila wa kumlipa.

Sasa mtazame Reuter, yule mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters. Mwaka 1850 nyaya za telegrafu zilikuwa na pengo kati ya Aachen na Brussels. Paul Julius Reuter akaliziba kwa njiwa. Na njiwa wale walibeba bei za hisa. Aliyezipata mapema aliamua mapema kununua au kuuza, ndiyo maana alikubali kulipa. Mchuuzi anauliza mteja. Mteja wa Reuter alijulikana hata kabla njiwa hajaruka.

Kuhusu ajira: nenda ukaajiriwe kwanza, walau miaka miwili, hata kwa mshahara wa kuudhi, mradi pawe na mhariri anayekata. Katika ripoti yangu ya kwanza ya mahakamani niliandika "mwizi huyo alifikishwa mbele ya hakimu". Mhariri aliniita watu wote wakisikia: "Nani kakwambia ni mwizi? Hakimu amekwisha kusema?" Mtuhumiwa anashukiwa. Mshtakiwa amesomewa mashtaka. Mwizi ni baada ya hukumu. Kosea hapo ukalipe fidia ya kashfa maisha yako yote. Darasani nilikuwa nimeyasoma hayo na kufaulu mtihani wake, lakini yaliniingia siku ile ya aibu. Ukijiajiri leo, nani atakuaibisha kabla msomaji hajakuaibisha?

Mwaka_wa_Pili

Shikamoo mzee. Samahani kama nakosea, ila hao wahariri wanaokata wako wapi? Mimi nimetoka mafunzo kwa vitendo, miezi miwili, kwenye chombo ambacho sikitaji. Kazi yangu ilikuwa kuchukua habari za tovuti nyingine, kubadili kichwa na aya ya kwanza, kumi na mbili kwa siku. Mhariri nilimwona mara mbili, zote akitafuta chaja.

MzeeWaDawati

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika, na sitajifanya sijakusikia. Dawati nililolelewa mimi sehemu nyingi halipo tena.

Basi tafuta mhariri nje ya ajira. Wastaafu kama mimi tupo, tunaona raha kukata kazi ya mtu. Mkikosa, someaneni kwa sauti. Sentensi uliyoiandika bila kuielewa huwa inakwama kooni.

Bi_Jarida

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa nisipochangia nitajilaumu, maana nimeishi haya.

Mimi ni mwandishi niliyepunguzwa kazini. Baada ya kulia wiki mbili nikaanzisha jarida la barua pepe kuhusu zabuni za ujenzi wa umma: nani kashinda, kwa kiasi gani, nani kachelewesha, nani kaongezewa fedha katikati ya kazi. Hakuna somo linalosinzisha watu kama hilo. Ila mkandarasi mdogo, mhandisi na muuza nondo wanalihitaji kama mkulima anavyohitaji kujua mvua.

Mwaka wa kwanza nilituma bure kwa kila aliyejiandikisha. Walikuwa zaidi ya elfu tatu, nikajiona tajiri. Siku niliyotangaza malipo wakabaki 140. Nilizima simu. Kumbe wale 140 ndio waliokuwa wateja tangu mwanzo, wengine walikuwa wapita njia. Mwaka wa tatu sasa naishi kwa kazi hii, siyo kifahari, ila sidaiwi kodi ya nyumba.

Mambo ya mitambo msiyaogope. Majukwaa ya majarida yapo. Substack, iliyoanza 2017, huchukua asilimia 10 ya mnachokusanya kutoka kwa wanaolipia, kando ya makato ya malipo. La kuangalia ni hili: je, orodha ya barua pepe mnaweza kuondoka nayo? Kama hamwezi, mmerudi kwenye kuazimwa alikokusema Mchuuzi.

Na msilewe na michango ya mwanzo. Waholanzi wa De Correspondent mwaka 2013 walichangisha euro milioni moja kwa siku nane, na chombo chao kikasimama. Wakajaribu toleo la Kiingereza, 2018 wakapata zaidi ya dola milioni mbili na nusu, dunia nzima ikashangilia. Mwanzoni mwa 2021 toleo lile halikuwepo tena. Watu huchangia wazo mara moja kwa mapenzi. Kulipia kila mwezi kunataka sababu ya kila mwezi.

Kisirani

Wengine wanaenda kwa wafadhili. Hapo nako mnaanza kuandika anachokipenda mfadhili mwaka huo, mwakani kabadili mawazo mnabaki na bango la ofisi.

Bi_Jarida

Kweli kwa wengi, ila si wote. ProPublica ya Marekani, iliyoundwa 2007, inaishi kwa ruzuku na michango na inafanya uchunguzi ambao matangazo yasingeugharamia. Lakini ilianza na wahariri wenye majina na mfadhili mzito. Dogo ana simu mbili.

Mwaka_wa_Pili

Naomba kuuliza kingine kabla uzi haujahama. Walimu wengine wanasema akili mnemba itaandika habari zote, wengine wanatukataza kabisa kuigusa. Mwanafunzi ajifunze nini hasa ili awe na thamani?

PembeTatu

Nifanyaye kazi ya kuhakiki taarifa nikujibu.

Januari 2023 iligundulika kwamba tovuti ya CNET ilikuwa imechapisha makala kadhaa za fedha zilizoandikwa na mashine. Moja ilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, utapata faida ya dola 10,300. Jibu sahihi ni 300. Sentensi ilikuwa safi, sarufi haina doa, na mwanadamu aliyepaswa kuipitia akapitiwa. Ndiyo hatari yake: kosa la mashine huja limevaa suti.

Mimi naitumia. Inanipangia maelezo ya mahojiano marefu, inanitafsiria nyaraka kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kila jina, tarakimu na nukuu narudi kuiangalia kwenye chanzo. Usichoweza kurudi kukiangalia usikichapishe. Na siri za chanzo chako usizimwage humo.

Kujifunza nini? Kusoma jedwali. Nakwambia kweli, mwandishi anayeweza kufungua Excel, kupanga safu na kuona kwamba jumla haijumliki ana uhakika wa kazi kuliko mwenye sauti nzuri. Pili, kutafuta picha ilitoka wapi kabla haijafika kwako: kuiweka picha yenyewe kwenye mtambo wa kutafuta uone ilipowahi kutokea, kulinganisha vivuli, mabango, umbo la mlima nyuma. Eliot Higgins hakuwa mwanahabari wala hakuwahi kufika Syria. Alikuwa hana kazi, akakaa nyumbani Leicester mwaka 2012 akichambua video za vita moja baada ya nyingine. Miaka miwili baadaye akaanzisha Bellingcat, kundi linalochunguza habari kwa picha, video na taarifa zilizo wazi mtandaoni. Tatu, kumpigia mtu simu. Unacheka? Wanafunzi ninaowapokea wanaweza kutuma ujumbe kwa watu hamsini, lakini kupiga simu moja wanatetemeka. Yaliyomo kwenye intaneti mashine imekwisha kuyameza. Yaliyomo kichwani mwa karani wa masijala hayamo humo.

KalamuMpya

Wakuu, nilikaa kimya siku mbili kwa sababu swali la "nani atawatafuta" lilitugombanisha. Mwenzangu mmoja alisema mashabiki. Tukamwuliza wa nani, akanyamaza.

Tumetafuta jambo ambalo sisi wenyewe tunalijua kuliko chombo chochote, tukaishia kwenye vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Kila mwaka mambo ni yaleyale: dalali anaonyesha chumba hiki unapewa kingine, amana hairudishwi, maji siku tatu hayatoki. Hakuna anayeliandika kwa mfululizo, mtu analalamika kwenye kundi la WhatsApp kisha linapita. Tunataka kuandika kila wiki: nyumba zipi zinarudisha amana, zipi hazirudishi, mkataba usomwe vipi. Kwa mapato tumefikiria wenye nyumba walipie matangazo ya vyumba.

Mchuuzi

Sasa tunaongea. Lakini hapo mwishoni mmejikata mguu. Unamchunguza mwenye nyumba na unakula kwake?

Bi_Jarida

Hilo wasicheze nalo. Mwaka wangu wa pili kampuni moja ilininunulia tangazo la miezi sita, fedha ambayo sikuwa nimewahi kuishika kwa mkupuo. Mwezi wa pili jina lao likatokea kwenye mradi uliokwama. Hawakunitishia. Walinipigia kwa upole, "tuongee kabla hujatoa". Nilichelewesha habari ile wiki moja, nikijiambia bado nahakiki. Sikuwa nahakiki chochote. Wasomaji wawili walijua na wakajiondoa, na walikuwa na haki. Bahasha haiji siku zote ikiwa bahasha.

Mchuuzi

Fikirini hivi. Msomaji wenu ni mwanafunzi, hana kitu. Ila chumba kinalipiwa na nani? Mara nyingi mzazi, tena aliye mbali, asiyekijua kile chumba, anayeogopa kutapeliwa. Huyo ndiye mteja. Mwuzieni ukaguzi: mnakwenda, mnafungua bomba, mnapiga picha, mnasoma mkataba, mnamtumia ripoti. Habari za kila wiki ziwe bure, ndizo zitakazomfanya awaamini.

Na kabla hamjajenga tovuti wala kuchora nembo, watafuteni wazazi kumi. Msiwaulize "wazo ni zuri?" kwa sababu kila mtu atasema zuri. Waombeni walipe. Wakilipa watatu mna biashara ya kuanzia.

Mwisho, ninyi ni marafiki watatu. Andikeni leo, mkiwa bado mnacheka pamoja: jina ni la nani, orodha ya wasomaji ni ya nani, mmoja akiondoka anaondoka na nini. Ukurasa mmoja na sahihi tatu. Nimeona mengi yanayovunja biashara za marafiki, na hasara haipo juu ya orodha.

MzeeWaDawati

Nami yangu. Kila nyumba mtakayoitaja kwa ubaya, mwenyewe apigiwe, aelezwe tuhuma moja moja, apewe muda wa kujibu, na jibu lake liingie humohumo. Akikataa kujibu, andikeni tarehe na saa mliyompigia. Risiti na mikataba mwione wenyewe kwa macho, msitegemee picha ya skrini. Daftari msitupe. Siku wakili akiandika barua, daftari ndilo litakalowasemea. Na tafuteni mwanasheria wa kuwasomea habari nzito kabla, siyo baada.

Nilisema uajiriwe kwanza. Sijaondoa kauli, ila kama ajira haipo, hii ni shule nzuri kuliko kunakili habari kumi na mbili kwa siku. Nitumieni kazi mbili za kwanza, nitakata.

KalamuMpya (miezi minne baadaye)

Wakuu, naufufua uzi.

Tulianza. Wazazi kumi tuliowaomba, wanne walilipa. Sasa tunafanya kaguzi sita au saba kwa wiki msimu wa kutafuta vyumba, na karibu hakuna msimu ukiisha, hilo hatukulifikiria. Mimi nimeshika kazi ya muda ya kuhariri maandishi ya watu ili nisife njaa. Mwenzetu mmoja amepata ajira kwenye redio akaondoka mwezi wa pili. Ule ukurasa wa sahihi tatu uliokoa urafiki, Mchuuzi Mungu akubariki. Mzee alikata habari yetu ya kwanza kutoka maneno 1,400 hadi 600, na siku mbili sikumsalimia.

Sasa kuna tatizo. Kwenye orodha ya wiki hii tuliandika kwamba mwenye nyumba fulani hajarudisha amana za wapangaji wawili. Tulimpigia mara mbili hakupokea, tukaandika hivyo. Jana amepiga yeye. Nyumba zenye jina hilo ni mbili, mtaa mmoja, na tulichanganya. Yeye alikwisha kurudisha, risiti kanitumia, nimeziona halisi. Mwenzangu anasema turekebishe kimyakimya, wasomaji ni wachache na hakuna aliyegundua.

Kisirani

Yeye amegundua.

MzeeWaDawati

Msifute kitu. Andikeni kilichokuwa kimeandikwa, kilicho sahihi, tarehe, na mlikoseaje. Muombeni radhi kwa jina, na masahihisho hayo tumeni kwa wote waliopokea ile ya kwanza, leo.

KalamuMpya

Iwekwe chini ya makala?

MzeeWaDawati

Juu. Kosa lilikuwa juu.

KalamuMpya

Nimeweka juu, nimetuma kwa wote. Wawili wamejiondoa. Mwenye nyumba amepiga tena sasa hivi.

Mwaka_wa_Pili

Amesemaje?

KalamuMpya

Anasema ameyaona masahihisho, anashukuru, ila humo tumekosea herufi za jina lake. Ngoja nikarekebishe.